Vitambaa vya Uani kwa Tunu

Homa ya Doto ilikuwa imefika siku ya tatu, na asubuhi ile mtoto alikuwa ameshapata degedege mara mbili. Recheli alimfunga mgongoni, akakaza mwendo hadi kwa Bibi Tunu, mtoa dawa ambaye Usinge nzima ilimwamini. Mumewe, Gerson, alikuwa amemaliza maneno mapema: "Nenda kahesabu vitambaa vya uani kwake, halafu uniambie habari za hospitali."

Vitambaa vilikuwepo kweli. Kila mama ambaye mwanawe alipona kwa dawa ya Tunu alirudi kufunga kipande cha kanga kwenye ua wa miti. Recheli alihesabu akisubiri zamu. Arobaini na kimoja. Akina mama wote hao watakuwa wamekosea? Kando yake Swaumu, mgeni pale kijijini, naye alikuwa akihesabu, mwanawe akihema mapajani.

Recheli akatafuta cha kwake, akakumbuka kwamba hana. Kulwa, pacha wa Doto, alikunywa dawa hiyohiyo mwaka jana, akafa, na aliyefiwa arudi kufunga nini? Tunu alimwambia alichelewa kumleta, naye akajilaumu mwaka mzima. Sasa akawakumbuka majirani wengine waliowanywesha watoto wao dawa ya Tunu. Eustadia alizika. Mke wa Ambrosi alizika. Mtoto wa Emilian aliugua masika ya mwaka jana, hakunywa chochote, akapona. Ua ule uliwajua waliopona tu, na hata hao hakuna ajuaye kilichowaponya.

"Ingia, mwanangu," Tunu aliita.

"Shikamoo, Bibi. Umewapa dawa watoto wangapi tangu uanze?"

"Marahaba. Nitawakumbuka wote? Si vitambaa hivyo unaviona?"

Recheli alichana pindo la kanga yake kwa meno, akalifunga uani.

"Mbona unafunga, na mtoto bado anaumwa?" Swaumu aliuliza.

"Hiki ni cha Kulwa. Alikunywa, akafa."

Hakungoja jibu. Alikimbilia barabarani kutafuta pikipiki ya Kaliua, kwenye hospitali. Doto akakakamaa tena mgongoni, na Recheli akalia kwa sauti huku akikimbia, maana hakujua kama safari hii amewahi. Pikipiki ilipoondoka aligeuka mara moja. Swaumu alikuwa anakuja mbio, mtoto begani, akiwapungia wamsubiri.