Mashuka ya Jumapili

Katika North Dakota nzima hakuna aliyesema kweli kama mimi. Ukitaka uhakika muulize mchungaji wetu, ila usimuulize habari za mwaka 1952, maana mwaka ule nilidanganya jeshi.

Jumapili moja ya Agosti, saa kumi na moja jioni, kaka yangu Alvin aliona kitu cha mviringo kinang'aa, kikipita kimya juu ya ngano yetu. Akapiga simu kwa polisi. Laini yetu ya simu ilikuwa moja kwa nyumba tisa, yeyote angeweza kusikiliza, na kabla hajamaliza kusema, nyumba zote tisa zilishajua. Kufikia Jumatano kamati ya shule ikamwambia: jeshi likisema ni macho yako tu, hutaendesha tena basi la shule. Alvin alikuwa mjane. Kelele za watoto wa basi lile ndizo zilizompa sababu ya kuamka asubuhi.

Akaja Kapteni Pruitt wa jeshi la anga na fomu ya kurasa nane. Nikampa kahawa na chapati zetu za viazi.

"Ukinyoosha mkono umeshika sarafu," akamuuliza Alvin, "kile kitu kingezibwa na sarafu?"

"Labda sarafu ya ukubwa wa sahani."

"Hakikuwa puto la hali ya hewa?"

"Puto linakwenda na upepo, Kapteni. Kile kilikwenda kinyume chake."

"Ulikuwa umekunywa?"

"Maziwa."

Kapteni akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nani mwingine alikiona?"

Alvin akatazama viatu vyake. Mimi saa ile nilikuwa kwenye kochi, nakoroma.

"Shahidi akiwa mmoja," Kapteni akasema taratibu, "wakubwa wangu husema macho yamemdanganya. Wakiwa wawili, hapo wanasita."

"Mimi nilikiona," nikasema.

Alvin akapaliwa na kahawa.

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Uani. Naanika mashuka. Kikapita juu ya kamba, hivi, kuelekea magharibi."

Kapteni alivuta fomu ya pili akaandika. Mwisho akatusomea: mashahidi wawili, watu wa kuaminika, kitu hakijulikani. Akatia sahihi. Alvin akageukia dirishani, akapenga kamasi mara mbili.

Nilimsindikiza Kapteni hadi kwenye gari. Akavaa kofia yake.

"Mama yangu alizaliwa maili kumi kutoka hapa," akasema. "Mlutheri kama ninyi. Kwake kufua ni Jumatatu. Jumapili hata leso haikugusa kamba, majirani wangesema nini?"

"Mashuka yale yalikuwa... yalikuwa ya dharura."

"Ndiyo, mama," akasema, akiwasha gari. "Ndiyo maana nimeandika ulikuwa unaokota mayai."