Kalamu za Kuombewa

Kimutai alikuwa ametulia kama mtu aliyemaliza kazi zake zote. Kalamu mpya zilikuwa mezani, kadi za kumtakia heri zimepangwa dirishani, na nusu ya kanisa lao imejazana sebuleni kwake Hyattsville, Marekani, ikingoja pasta amalize chai aziombee zile kalamu. Kwao Kapsabet, Kenya, mtahiniwa haendi mtihanini hivi hivi bila kuombewa. Bintiye Jerotich alikuwa karibu kufanya mtihani wa kuingia vyuo vya jimbo, naye baba mtu alijisikia raha mpaka akaona haya.

Leokadia, muuguzi Mtanzania wa ghorofa ya juu, ndiye aliyeuliza, wala hakuwa na nia mbaya. "Kituo chake cha mtihani kipo wapi?"

"Mwalimu mkuu atatuambia," Kimutai akajibu. "Si ndiye ameandikisha darasa zima?"

Leokadia akaweka kikombe chini. "Kaka yangu, huku mwalimu mkuu haandikishi mtu. Mwanafunzi anajiandikisha mwenyewe."

Kimutai akasimama. Miaka yote hiyo Maryland, akihudumia wazee wa watu, hakuna aliyewahi kumwambia hilo. Akamgeukia binti yake.

"Dadi, nilikuambia in September," Jerotich akasema polepole. "Ukasema hiyo ni kazi ya shule. Then ukabuy kalamu. Nikajua mmeshasort na shule."

"Mwisho ni lini?"

Jerotich alikuwa ameshafungua kompyuta magotini. Akasoma. "Leo."

Jerotich akaanza kutafuta kituo chenye nafasi. Bowie kumejaa. Rockville kumejaa. Kimutai alitamani sana kumgombeza mtu, lakini kila alipotafuta wa kumgombeza alijikuta mwenyewe. Ukaidi wake huo ungemnyima mtoto chuo.

"Kuna Cumberland," Jerotich akasema. "Huko milimani. It's so far, Dadi."

"Chukua! Nitaomba ruhusa kazini, nikupeleke." Akasogea karibu. "Mzazi anaweka sahihi wapi?"

"Hakuna mahali pa mzazi. Ni mimi tu."

Akajaza, akabonyeza, na nafasi ikawa yake. Wageni wakashangilia, vikombe vikajazwa tena. Kimutai akachagua kalamu iliyo nzuri kuliko zote, akampa. "Utaandikia hii."

Jerotich akaitazama kalamu, kisha akamtazama baba yake. "Mtihani ni wa kompyuta, Dadi. Hakuna kuandika."

Leokadia akainamia chai yake asicheke. Kimutai alibaki na mkono hewani, akajiona mshamba mbele ya kanisa zima, na kilichomuuma ni kwamba hakuna tena alichoweza kumfanyia mtoto.

Jerotich akaipokea ile kalamu. Akazikusanya na nyingine zote mezani, akazipeleka kwa pasta, akapiga magoti.

"Ziombee, Pasta," akasema kwa Kiswahili kitupu. "Nitaenda nazo."

Kimutai alifumba macho kabla ya wengine wote, machozi yasije yakaonekana.