Maumivu Yaliyokwenda Kazini

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Katika chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa, ambako mabomba yalipita darini na kuta zilitoa jasho mwaka mzima, wanawake walikunja wawili wawili. Mmoja anasimama huku, mwingine kule, wanalivuta likanyooka, wanakutana katikati ncha kwa ncha, kisha mmoja anamkabidhi mwenzake na kuinama kuokota pindo lililobaki chini. Anayeinama ndiye fundi. Kwenye meza ya dirishani fundi alikuwa mwanamke waliyemwita Pindo, na aliyemkabidhi ncha alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Hata ndoa ilianzia pale mezani, Wifi akimsifia kaka yake kinyozi mpaka mashuka yakarundikana.

Ngazi ya kushukia chumba hicho ilikuwa na kipandio kilichomeguka. Kila mtu alikijua. Msimamizi aliambiwa, akasema atakiangalia, na kweli alikuwa akikiangalia kila alipokiruka. Pindo alikikanyaga akiwa amebeba kapu la mashuka mabichi, akafika chini kabla ya kapu.

Mfupa wa nyonga uliunga vizuri. Daktari aliinua picha mbele ya dirisha akasema umepona. Msimamizi akasema daktari amesema umepona. Kinyozi naye akasema hivyo hivyo, kwa upole, huku akimsogezea mkewe mto. Maumivu peke yake ndiyo hayakuwa yameambiwa. Yalibaki palepale msimu ukaisha, ukaja mwingine, na Pindo akajifunza kuishi nayo: kuvaa akiwa ameketi, kupika akiegemea ukuta, kucheka kwa kifua tu bila kutikisa kiuno. Alipoguna, mumewe alisema "pole" bila kugeuka, huku akitafuta soksi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Asubuhi moja, Kinyozi akiwa ameshakwenda kufungua duka lake, maumivu yaliinuka kutoka nyongani, yakakaa ukingoni mwa kitanda na kutafuta kandambili. Yalikuwa na kimo cha Pindo na mabega yake, ila yalinyooka zaidi. Yakachukua sare iliyoning'inia nyuma ya mlango, yakaivaa.

"Unakwenda wapi?" Pindo aliuliza.

"Kazini. Tumekaa ndani vya kutosha."

"Usisahau kitambaa cha kichwa," Pindo alisema, kwa kuwa msimamizi alikuwa mkali kwa mambo ya nywele.

Mlango ulipofungwa, alisimama. Aliinama akagusa vidole vya miguu. Alifagia uvunguni, akatoa kijiko na sarawili vilivyopotea tangu alipoanguka, akafua kila kilichofulika, kisha akalia kidogo kwa raha. Ilikuwa siku tamu kuliko zote alizozikumbuka.

Jioni maumivu yalirudi pamoja na Kinyozi. Walikuwa wamekutana kona ya barabara, na yeye ndiye aliyeyabebea mfuko.

"Pole na kazi," Kinyozi aliyaambia, akiyavutia kiti. Alisema hivyo akiwa ameyageukia mwili mzima.

Pindo alisimama na mwiko mkononi. Hakuna aliyempa pole yeye, na kusema kweli hakuwa na cha kupewa pole. Wivu ulianza hapo. Ulikuwa mdogo bado, wa kuudharau.

Baada ya chakula maumivu yalisimulia jinsi ilivyokuwa siku ile ya kuanguka: shuka bichi lilivyomfunika mtu uso, baridi ya sakafu, na alivyoita bila kusikika mpaka mashine zilipozimwa. Kinyozi alishinda siku nzima ameshika vichwa vya watu akisikiliza habari zao, na alidhani ameshasikia kila kitu. Alifuta macho kwa kiganja.

"Hukuwahi kuniambia haya," alimwambia mkewe.

"Nilikuambia."

"Hukuniambia hivi."

Akaenda kabatini, akatoa blanketi zito walilopewa harusini, lile lisilotumika, akayatandikia maumivu kwenye kochi.

Pindo alivumilia siku chache, kisha akaenda kazini mwenyewe, na gauni la nyumbani kwa kuwa sare ilikuwa imeshavaliwa. Alisimama mlangoni akatazama. Wifi na maumivu walikuwa wakikunja. Ncha zilikutana bila hata kuangaliwa. Maumivu yaliinama, yakaokota pindo, na yalipoinuka Wifi aliyanong'oneza neno, wakacheka wote wawili. Pindo alikijua kicheko kile, kilikuwa chake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba nguo yenyewe inaweza kukikaa vizuri kuliko inavyokukaa wewe. Alitamani Wifi aungue kidole kwa pasi. Akaona aibu. Akatamani tena, kidogo tu.

"Nafasi yako ina mtu," msimamizi alimwambia.

"Mtu huyo ni mimi."

"Sawa, ni wewe. Lakini huyu hachoki na haombi kukaa. Nitawaweka wapi wawili wa jina moja?"

"Na ngazi?"

"Aliyeanguka amesharudi kazini," alisema msimamizi. "Sasa ngazi ina kosa gani?"

Wifi alimsindikiza mpaka nje, akifuta mikono kwenye aproni.

"Usinichukie, wifi yangu. Ila wewe ulipokuwa unaumwa ulikuwa hunisemeshi. Mwenzako ananieleza."

"Anakueleza nini?"

"Habari zako. Anazieleza vizuri mno, nikwambie ukweli."

Pindo alirudi nyumbani kwa miguu, akapanda mlima wa kwao bila kutua, na hilo halikumfurahisha. Siku zilizofuata alikuwa mzima kabisa na mwenye kinyongo. Majirani walipita kuyajulia hali maumivu, wakamwomba yeye awaletee chai. Daktari aliyakuta barabarani, akayashika mkono na kuyauliza yanalalaje. Pindo, ambaye sasa angeweza hata kucheza ngoma, alicheza jikoni peke yake mara moja akaacha, maana hakuna aliyetazama. Jioni moja alijaribu kuchechemea kutoka mezani hadi mlangoni, akijishika nyonga.

"Acha kumwigiza mwenzako," Kinyozi alisema. "Si vizuri."

Usemi ule ulimkata maini. Mume ni wake, wifi ni wake, kicheko ni chake, hata kuanguka ni kwake. Alianguka yeye, si mtu mwingine. Na sasa alikuwa mgeni kwenye habari zake mwenyewe.

Kesho yake maumivu yaliporudi, Kinyozi akiwa bado dukani, Pindo aliketi kando ya kochi.

"Rudi," alisema.

"Unajua unachokiomba?"

"Najua kuliko mtu yeyote."

"Mimi sirudi nusu."

"Rudi yote."

Maumivu yalimtazama kwa muda kwa huruma, jambo lililomuudhi zaidi. Kisha yakavua sare, yakaikunja, yakaingia nyongani. Pindo aliuma mto. Yalikuwa yamenenepa kwa kazi. Jasho lilimtoka mpaka blanketi la harusi likalowa, na ndani ya jasho lile akasikia furaha mbaya ya mtu aliyempokonya jirani kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo.

Alirudi mezani kwake. Kipandio kilikuwa vilevile, na kukiruka kulimgharimu machozi. Alikunja polepole. Alipoinama kuokota pindo hakulifikia, na Wifi akalazimika kuliinua kwa mguu. Msimamizi alipita akasema jana alikuwa mwepesi, leo ameingiwa na nini, na daktari alishasema amepona. Pindo alitaka kueleza, lakini maneno mazuri yote alikuwa nayo yule mwingine; yeye alibaki na mguno.

Wifi alimtazama usoni kwa muda mrefu, akimtafuta mtu.

"Mwenzako hajambo?" aliuliza mwishowe.

"Hajambo."

"Msalimie sana. Mwambie nimemkumbuka."

"Atasikia," alisema Pindo, akavuta ncha zake.

Jioni alitangulia kufika nyumbani. Kinyozi aliingia na ndizi mbivu mkononi, akatazama kwenye kochi, akatazama nyuma ya mlango.

"Yuko wapi?"

"Amepumzika."

"Leo amechoka, maskini," alisema Kinyozi kwa sauti ya chini. "Tusimwamshe."

Akapunguza redio. Akavua viatu, akapita akinyata, akaziweka ndizi pembeni na kuzifunika kwa sahani zisiliwe na mtu mwingine. Pindo alikuwa jikoni, nyonga ikimwaka moto mpaka gotini. Alihamishia uzito kwenye mguu mzima, akaendelea kukoroga bila kugonga kingo za sufuria, asije akamwamsha mgeni wa mumewe.