Magoti ya Zenoni

Zenoni alishadanganya bosi, alishadanganya mchungaji, na hakuna aliyekufa. Ila safari hii alimdanganya Mzee Nshombo, baba yake Chimène, binti anayetaka kumwoa. Alimpigia simu kwa sauti ya mtu aliyechoka, akamwambia Jumamosi hataweza kufika Louisville kujitambulisha. Stoo imelazimisha ovataimu. Mzee akasema sawa, kazi ni kazi.

Ovataimu yenyewe ilikuwa uwanjani Buffalo. Fainali ya mpira wa Kiairishi, Columbus na Louisville.

Aliyemwingiza timuni ni kepteni wa Columbus, Mwairishi mwekundu kama nyanya, dereva wa folklifti kule stoo ya Hilliard wanakofanya kazi wote. Mpira huo unaudaka kwa mikono, unakimbia nao, unaupiga kwa mguu. Ukipita chini ya mwamba ni bao, pointi tatu. Ukipita juu, katikati ya milingoti miwili, pointi moja. Zenoni alikulia kambini Tanzania, ambako ukishika mpira unazomewa na kambi nzima. Hapa unashika halafu unapigiwa makofi. Nani angekataa?

Basi wanapasha misuli, Zenoni anatupa jicho golini, anaona mtu mfupi ndani ya koti jeupe refu kama la daktari, kijibendera mkononi. Akatazama tena. Ni Mzee Nshombo, uso uleule wa kwenye simu za video.

Kumbe Mzee Nshombo kule Louisville anatunza babu mmoja wa kiti cha magurudumu, na babu huyo ndiye aliyeanzisha timu yao. Babu kakataa kubaki nyumbani, Nshombo kamleta. Na kila timu hutoa watu wa kusimama kwenye milingoti kuamua pointi. Wa Louisville mmoja kaugua, wakaangalia nani yuko bure, wakamvisha koti.

Uongo ulikuwa nusu ya balaa. Nusu nyingine ilikuwa bukta. Kwao Zenoni mtu anayeomba mke hamwonyeshi mkwe magoti, na bukta hii ilimwacha nje mpaka mapajani. Alimwona Chimène anamtoka hivihivi, kwa sababu ya kitambaa.

Kipindi cha kwanza mzee alikuwa kwenye goli lao wenyewe, Zenoni akajificha mbele kabisa, harudi hata kuutafuta mpira. Kepteni akamuuliza kama amesahau kwamba mshambuliaji naye huufuata mpira. Kipindi cha pili timu zikabadilishana upande, na goli la kushambulia likawa lile la mzee. Zenoni akawa anakimbia huku mkono mmoja unavuta bukta chini. Mara ya kwanza alipofika karibu, Nshombo hakugeuza hata shingo.

"Donc hii ndiyo ovataimu," alisema kwa Kiswahili chao cha Kongo, Kifaransa ndani yake. "Banawalipa muzuri?"

Zenoni akasema shikamoo, akaporwa mpira.

Dakika ya mwisho timu zilikuwa sare. Zenoni akaudaka juu ya vichwa viwili, akasahau magoti, akasahau ukwe, akapiga. Mpira ukapanda juu kuliko mlingoti wenyewe na kutua nyuma huko. Columbus wakarukaruka, Louisville wakakataa. Refa hakuona vizuri, akamkimbilia mwenye koti. Kepteni akamsukuma Zenoni mgongoni: yule si ni mtu wa kwenu? Nenda kaongee naye.

Akaenda. Alisimama mbele ya mzee mikono imeshika pindo la bukta, kama mtoto aliyejikojolea.

"Bon," Nshombo akasema taratibu. "Weye ndiyo ulipiga. Uliona nini?"

Refa akawa anawatazama, haelewi neno. Kombe lilikuwa palepale, neno moja tu. Na mzee alikuwa ametulia sana, kama mtu ambaye jibu analo mfukoni. Zenoni akawaza kwamba uongo wa stoo tayari ni mmoja.

"Umepita nje, baba."

"Ni vile mi pia niliona."

Nshombo akapunga mikono miwili juu ya kichwa: nje. Louisville wakauanzisha, wakaenda nao mpaka upande wa pili, wakafunga pointi, filimbi. Kepteni akamuuliza Zenoni walikuwa wanaongea nini muda wote ule. Zenoni akasema mambo ya familia.

Watu walipoanza kutawanyika, Nshombo alimsukuma yule babu mpaka pale Zenoni alipokaa, akavua koti na kumtupia.

"Vaa. Mi siwezi kuongea na mkwe mwenye magoti iko inje."

Zenoni alisikia neno mkwe, akakosa pa kuangalia. Mzee akaendelea kama hajasema kitu: wiki inayokuja aje Louisville, na wazee wake, na asilete habari za stoo. Babu akauliza kuna nini, akaelezwa, akacheka mpaka akakohoa.

Zenoni akavaa koti. Kwa Nshombo lilikuwa linafagia majani. Kwake liliishia vidole viwili juu ya goti, akaanza kulivuta.