Kidole cha Twalibu

Twalibu alikuwa mpiga muziki pekee wa Kibiti aliyechezesha shughuli akiwa nje ya shughuli, anakula ubuyu. Hakufanya hivyo kwa maringo, ingawa maringo yalikuwepo. Ngoma ya mwali haiingii mwanamume, hata awe fundi wa spika. Fundi mmoja wa Ikwiriri alijaribu. Akarudi kwao anatembea ubavu kama kaa.

Ndipo Twalibu akanunua simu ya kupapasa, ya Kichina, mwaka zile simu ziliposhuka bei. Kompyuta yenye programu ya muziki ikawa inakaa ndani na wanawake, pamoja na spika na kisanduku cha waifai. Yeye anakaa nyuma ya ua wa makuti. Akipapasa kioo cha simu, wimbo unabadilika huko ndani. Akivuta kidole chini, spika zinanyamaza. Alitamba nayo hata akarekodi sauti yake, ikawa inajipenyeza baina ya nyimbo: "Ni Twalibuuu! Kidole kimoja tu!"

Hata Maalim Zaidi alitambiwa. Maalim alimfundisha Kurani miaka sita na kumchapa bakora miaka saba, na muziki hakuupenda. Lakini alipolala kitandani hawezi, alimwita, akaiangalia sana ile simu.

"Inazima kweli, na wewe uko mbali?"

"Kama kufumba jicho, Maalim."

"Basi siku nikipita kwenye jeneza, unizimie. Usinisindikize na makelele yako. Mengine yote nimekusamehe."

"Hata yule kuku?"

"Hata yule kuku. Ingawa alikuwa wa mayai."

Twalibu akacheka, akaahidi, akatoka nje kufuta macho.

Maalim alifariki alfajiri ya siku ya ngoma ya mwali Muzdalifa, mtaa wa pili. Kuahirisha hakukuwezekana: wageni wa Mbuchi na Maparoni walikwishateremka kwenye mitumbwi, na mchele ulikwisharowekwa. Nassibu, mtoto wa marehemu, hakutaka makuu. "Wacheze," alisema. "Ila jeneza likipita baada ya alasiri, pawe kimya. Si una kidole chako, kaka?"

Kabla ya kuanza, Twalibu alimsomea hotuba Bi Biasha, kungwi aliyelinda mlango, maana katika ngoma ile wanawake humwagiana maji ya marashi kwa ndoo.

"Mama, hicho chenye taa za kijani kisiguswe na maji. Tone moja tu, tumekwisha."

"Mara ya nne hiyo, baba. Nimelea watoto tisa, kisanduku ndicho kitanishinda?"

Mpaka saa tisa kidole kilitii. Saa kumi Twalibu akaacha hata kumswalia Maalim ili asibanduke kwenye zamu yake. Akaona kanzu zinatoka msikitini, jeneza juu ya mabega. Akavuta kidole chini.

Spika zikaendelea.

Akavuta tena. Kioo kikamwandikia kwamba waifai haipo. Akainua simu juu, akauzunguka ua, akapanda gogo la mnazi akasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Wapi!

Akaugonga mlango kwa ngumi mbili. Ukafunguka kiasi cha pua.

"Pilau bado!" Bi Biasha akapiga kelele kushinda spika, na mlango ukafungwa.

Swichi kubwa ya umeme ilikuwa ukumbini, hatua tatu tu. Twalibu akashika kitasa. Lakini ndani mwali alikuwa wazi mbele ya wenzake, na mwanamume akiingia, habari ya Muzdalifa ingesimuliwa mpaka Umwe na binti asingeinua uso tena. Mkono ukamwanguka wenyewe.

Jeneza likafika usawa wa ua. Wimbo ukakatika. Twalibu akasema alhamdulillahi.

"Ni Twalibuuu! Kidole kimoja tu!"

Nassibu, aliyebeba mbele, hakugeuka. Angegeuka ingekuwa afadhali. Twalibu akatia simu mfukoni, akakimbia, akaingiza bega chini ya jeneza. Watu wakamgusa wampokee, hakuachia. Muziki ukawasindikiza mpaka kona ya makaburini.

"Maalim, ni mimi," akaunong'oneza ubao.

Aliporudi jua limeshuka, wanawake walikwishatawanyika na spika zilikuwa zikiimbia ua mtupu. Bi Biasha, kanga zimemlowa chepechepe, akamvuta mkono mpaka ndani.

"Njoo uone kazi."

Kwenye kona, sufuria kubwa la pilau, lile la akiba, lilikuwa limefudikizwa chini, limezungushiwa matambara kila upande. Chuma kizito namna ile, waifai ingepitia wapi? Bi Biasha akalifunua kama anayefunua chakula cha bwana harusi.

"Yalipoanza maji tu, nikakifunika. Tazama. Kuna hata tone?"

Taa za kijani zikapepesa. Simu ikatetemeka mfukoni. Twalibu akaitoa, akavuta kidole chini taratibu. Pakawa kimya, kama kufumba jicho.

"Haa!" Bi Biasha akapiga kofi. "Kweli mwanangu, kidole kimoja tu!"

Akampa sahani ya pilau, amempakulia na finyango kubwa la kuku. Twalibu akaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama," akasema. "Umekitunza."