Kanyaga, Shangazi

...na kiti nacho kinakupokea kama mtu aliyekuwa akikungoja, hilo ndilo linalomuudhi Mama Pacha, maana alitoka nyumbani na kosa lake tayari mdomoni, alipanga aseme kiti kinauma mgongo, sasa mgongo wenyewe umemsaliti, umejilaza hapo kama paka aliyeona jua, na mguu wa kulia uko juu ya pedeli ya mafuta, kandambili kaivua kwanza, huwezi kukanyaga gari la watu na kandambili, na mbele yake boneti limefunguliwa limeziba dunia nzima, anachoona ni upenyo mwembamba tu chini yake, tumbo la mumewe, mikono ya fundi, na suruali ya mpima ardhi anayetaka kuwauzia gari hili, suruali iliyopigwa pasi mpaka ule mstari unaweza kukata mkate, mwanamume anayesema anaishi peke yake, na pasi ile, mh, hapo pana mtu... "Kanyaga, Shangazi!" Anakanyaga, injini inanguruma, ua wote wa nyumba ya mpima ardhi unajaa ngurumo, kuku wa jirani wanakimbilia kwao, "Achia!" anaachia, na injini inarudi kwenye kuimba kwake polepole, haikohoi, haipigi chafya, haitoi moshi, jamani, gari gani hili lisilo na adabu ya kuharibika hata kidogo, lililotumika miaka yote hiyo milimani, kwenye matope na mawe ya watu wanaogombania mipaka, halafu linakaa hapa kama bibi harusi. Hebu kwanza hiki ni nini, hapa kwenye kisahani cha karibu na gia, kibanio cha nywele, ahaa! kibanio cheusi cha mwanamke mwenye nywele nyingi, na maganda ya karanga kwenye mshono wa kiti cha pili, kwa hiyo yeye anaendesha na huyo mwenye nywele anammenyea karanga, moja mdomoni kwake moja mdomoni kwa dereva, gari halina siri, gari ni kama shuka la hospitali, ukilishika tu unajua aliyelala alilala vipi, na Mama Pacha anacheka, kile kicheko chake ambacho mumewe husema kikitoka dirishani majirani wanaangalia kama kuna mvua, mpaka fundi anainamisha kichwa kwenye upenyo, "Shangazi, vipi huko ndani?" "Hamna kitu, baba, endelea na kazi yako!" Huyo fundi ni mtoto wa kaka yake, kamlea kwa mkono wake huu, ndiyo maana jana alimwita pembeni ya karakana akamwambia, mwanangu, lile gari likiwa na ugonjwa, hata mafua, wewe sema kifafa, na kijana akacheka, akasema, Shangazi, mimi nina jina langu mjini, akamjibu, jina lako nimelisaidia kulichagua mimi, na likaisha hivyo, au yeye alidhani limeisha.

Maana Baba Pacha anasema gari ni la kazini, eti la kumpeleka mkewe kazini, aache kudandia gari la mikate alfajiri kwenda kule kwenye dobi la hospitali ng'ambo ya kilima, la kazini! kwani yeye amelalamika? kukaa katikati ya mikate ya moto na baridi ile ya asubuhi, dereva anamhadithia ugomvi wa mama mkwe wake wiki nzima kwa mfululizo, afike kazini ananukia mkate, nani analalamika, na hata hivyo nani anahitaji gari la kuvuta miguu yote minne, magurudumu yote kwa pamoja, ili akafue mashuka... ni hiyo miguu minne, ndiyo, miguu minne si ya barabara ya hospitali, miguu minne ni ya porini, juzi kamwona na macho yake, kashusha buti za kuwindia kutoka juu ya kabati, kakaa nazo uani anazipiga brashi huku anapiga mluzi, na kibali cha kuwinda kimepachikwa nyuma ya kioo cha sebuleni, kipya, kinang'aa, halafu mtu anakuambia gari ni la kazini na porini ni Jumamosi moja moja tu, eti kutembeza macho. Jumamosi moja moja! Mama Pacha anazijua Jumamosi zile, lile gari bovu la zamani lilipokuwa hai mume alikuwa haonekani, na tangu lile gari life mtoni, maji yameingia mpaka kwenye redio, Jumamosi zimerudi nyumbani, mume karudi nyumbani, anachagua mawe kwenye maharage, amemfundisha hata kukunja shuka kona kwa kona, wanakunywa chai wawili, chai ya kurudia, na yeye anajisemea, haya, uzeeni nimepata mume mzima, sitamrudisha mtoni tena, goti lake moja limekwisha, macho yenyewe yanamwona mbuzi anasema ni mwenyekiti... "Kanyaga!" Ngurumo. Kuku. "Achia!" ...na anasikia sauti ya mumewe katikati, nusu nusu, "...na hii ngazi ya kupandia, haiko juu sana? Mama Pacha ana goti," ana goti nani? goti langu mimi linamhusu nini mpima ardhi, tangu lini goti la mke wa mtu likajadiliwa juu ya betri, "...na hita inafanya kazi? Anatoka alfajiri huyu, baridi inamkaa kifuani," na mpima ardhi anajibu kitu, inafanya kazi, sijui ukizungusha hiki, na Mama Pacha alikuwa anasubiri maswali ya porini, linapanda mawe? linavuka maji? bunduki inakaa wapi? na mtu anauliza hita. Haya. Hata hivyo. Mwanamume akitaka kitu chake huanza na chako.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, kimya cha Baba Pacha hakina mshindo, kina kijiko tu kinachozunguka kwenye kikombe, na hili hajawahi kulisema kwa mtu, hata kwa dada yake, kwamba Jumamosi za chai wawili anaongea peke yake, anamweleza habari za dobi, nani kagombana na nani, daktari gani kaonekana na nani dukani, na mume anasema mm, anasema kumbe, anasema hebu, halafu kijiko, si kwamba amenuna, hapana, hana tu cha kusema, mtu aliyekaa nyumbani ataleta habari gani, ya maharage? Na kule kazini zamani kila Jumatatu wenzake walikuwa wanamngoja, "Haya, mke wa Risasi Moja, bwana kaleta nini?" Risasi Moja ndilo jina la kumtania, kwa sababu hupiga moja tu, hukosa, na halafu hurudi na maneno ya kujaza gunia, na Mama Pacha akishika ncha mbili za shuka na mwenzake ncha mbili, wanasogeleana wanakunja, wanarudi nyuma wanavuta, wanasogeleana tena, na chuku za Baba Pacha zinakwenda na kurudi juu ya shuka lile, sungura aliyemvua kofia, kanga waliompigia kelele mpaka akaomba radhi, swala aliyemwangalia akasema, leo hapana, mzee, nenda nyumbani, mpaka msimamizi anatokea mlangoni anauliza kuna nini, na kumbe naye anataka kusikia. Sasa Jumatatu wanamuuliza nini? Hawaulizi. Anawapa habari za mama mkwe wa dereva wa mikate, lakini zile ni za watu wengine, si zake, mtu anachoka kuuza bidhaa ya duka la jirani... "Mzee unawinda?" Ni mpima ardhi huyo anauliza, na tumbo la Baba Pacha kwenye upenyo linasimama wima, kabisa, kama mwanafunzi aliyeitwa jina, "Kuwinda? Aa, kidogo tu, ndugu yangu... lakini kuna ngiri mmoja," "Kanyaga, Shangazi!" Anakanyaga, ngurumo, achia basi, achia, "Achia!" "...ukubwa wa ndama, nakuambia, na meno yake hivi," mikono inatokea kwenye upenyo, inapanuka, inapanuka tena, ngiri gani huyo? Mama Pacha anawajua wote, anao kwenye kichwa chake, sungura na kanga na swala mwenye maneno, huyu ngiri hamjui. "Siku ile ile gari liliponifia mtoni, nimekaa juu ya paa, maji hivi, risasi yangu imebaki moja," mpima ardhi anacheka, "moja tu, mzee?" "Mimi huwa sina mbili!" na fundi naye anacheka, spana imeanguka, na Mama Pacha anakumbuka siku ile, mume kafika nyumbani kalowa mpaka kofia, na ua ulijaa watu, gari liko wapi, gari litatolewaje, nani alikuambia upite pale, yeye mwenyewe Mama Pacha sauti ndiyo ilikuwa juu kuliko zote, habari za gari tu, hakuna aliyemuuliza ngiri, akavua buti, akaziweka juu ya kabati, na ngiri akaenda nazo huko juu, miaka yote hii alikuwa juu ya kabati mle chumbani wanamolala, na mwenye ngiri anachagua mawe kwenye maharage. Jamani. Kumbe. Tazama hilo tumbo linavyokwenda mbele na nyuma, tazama hiyo mikono, huyo si mtu wa mm na hebu, huyo ni yule kijana aliyekuja kwao kuposa akakaa anamdanganya baba yake mkwe habari za chui mpaka chakula kikapoa, na baba akasema baadaye, huyu kijana hana kitu, lakini nyumba yake haitasinzia kwa kukosa habari, mwache aoe.

"Kanyaga, Shangazi!" Hakanyagi. Injini inaimba yenyewe polepole, kama mtu anayesuka nywele za mtoto. "Shangazi!" Fundi kazunguka mpaka dirishani, mikono ya oili kainyanyua juu asichafue mlango, ananong'ona, "Hii gari nzima kama chuma, Shangazi, chesisi haina hata kutu, miguu minne inashika yote, nimetafuta mpaka nimeona aibu... sasa nisemeje?" Nyuma ya boneti sauti ya mumewe inashuka, inakuwa ndogo, ndivyo anavyofanya anapofika pazuri, "...nikamlenga, naye akaniona, ndugu yangu, macho kwa macho, nikasema mama yangu," na Mama Pacha kamshika mpwa wake mkono palepale penye oili, atasema ndiyo, lichukuliwe, lichukuliwe leo hii na Jumamosi zake zote, lakini mtu asimuulize sasa, "Nyamaza kwanza, baba," ananong'ona, shingo kaitoa nje ya dirisha, "ngiri ndiyo kwanza anageuka."