Miaka ya Barafu kwenye Diski ya Hilkka

Touko alishaamua kabla kahawa haijapoa.

"Hiyo D tunaifuta yote, mama. Nusu ya kompyuta iwe yako, nusu yangu. Haki bin haki."

Hilkka alikuwa dirishani na kamera yake, anasubiri wingu lipite. Kila asubuhi, kuanzia theluji ya kwanza mpaka ziwa liachie barafu, anapiga picha kumi hivi palepale, dirisha la jikoni. Mwaka wa ishirini na moja huu. Pale Nurmes, mji wao wa Finland, watu wanawekeana dau kila masika, barafu itaondoka siku gani, na wakianza kubishana wanamfuata Hilkka. Picha ikisema bado, ni bado. Hakuna rufaa.

"Haki sikatai," akasema. "Picha zangu je?"

"Si zipo mara mbili? C zipo, D zipo. Nafuta za D, za C zinabaki."

Kompyuta ilikuwa moja tu nyumbani, ya miaka tisa, na diski yake iligawanywa vipande viwili, C na D, tangu dukani. Jumatatu Touko anaanza chuo cha ufundi, kozi ya kompyuta, na mwalimu keshasema kila mtu aje na Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Angeiweka wapi kama si D?

Dada yake, Saimi, alikuwa kwenye simu kutoka mji wa Oulu, amewekwa mezani kando ya mkate, anasikia kila kitu.

"We Touko! Umeamka au bado unaota? C na D ni diski moja hiyo! Mtu akichora mstari wa chaki katikati ya chumba, ana nyumba mbili? Ikiungua, inaungua yote."

Touko alilijua hilo, na halikumjia kichwani hata kidogo.

"Ngoja kwanza," Hilkka akasema. "Mimi kila Jumapili nanakili kutoka C kwenda D ili zisipotee. Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unahamisha mayai, mama," Saimi akadakia. "Upande huu wa kapu, upande ule wa kapu."

"Miaka tisa?"

"Miaka tisa."

Hilkka akafikiri. "Na halijavunjika hata moja," akasema.

Saimi akacheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akamwambia mdogo wake asiguse kitu, picha zitoke kwanza nje ya hiyo kompyuta. Diski kuukuu ukianza kuikatakata inaweza kukufia mkononi, na hapo huna C wala D.

Touko akavaa makoti yake, akaenda maktaba. Maktaba ya pale inaazimisha mpaka keekee na viatu vya kutelezea, itakosa diski ya nje? Akarudi nayo mfukoni, akaichomeka, akaanza kunakili. Kompyuta ikasema kazi itachukua masaa sita. Basi, ilikuwa Jumamosi, wakawasha sauna, chumba chao cha kuogea mvuke. Hata diski ingekuwa inatoa moshi, sauna ya Jumamosi ingewashwa kwanza.

Walipotoka jioni, wamewiva kama kamba wa kuchemshwa, kazi ilikuwa imeisha. Hilkka akafungua mwaka mmoja mmoja kwenye diski ya maktaba, yote ishirini na mmoja, haraka hana. Zilikuwepo. Wiki ijayo Saimi atakuja kubeba nakala yake aende nayo Oulu. Hiyo sasa ndiyo nyumba ya pili.

"Haya, kata," Hilkka akasema, akavuta kiti.

Kwenye kioo kulikuwa na mstari mrefu, diski nzima imelazwa kama soseji. Touko akaikamata D yote, giga mia mbili na hamsini, akaandika jina lake.

"Mimi inanibakia miaka mingapi?"

"Miaka ya nini?"

"Ya barafu. Mwaka mmoja unakula giga ngapi?"

Touko akapiga hesabu. Kama tisa hivi. Kwenye C zilibaki kumi na nane tu. Akarudia hesabu, labda kakosea.

"Miwili," akasema.

Hilkka akanywa kahawa. Ana miaka sitini na moja, hajawahi kumwomba mtu nafasi, na leo pia hakuiomba. Touko akautazama ule mstari. Giga mia mbili na hamsini, na Linux yenyewe ingetosha kwenye arobaini. Zilizobaki alijua vizuri ni za nini.

Akausogeza mpaka. Ukarudi, ukarudi, akausimamisha kwenye sitini.

"Hizi sitini zangu. Zilizobaki naziunga kwenye C. Una miaka ishirini na mitatu ya barafu."

"Nitakuwa na themanini na minne." Akaipima hiyo kichwani. "Inatosha. Na wewe, sitini zitakutosha masomo?"

"Masomo yanatosha. Magemu ndiyo yatakaa nje."

"Kumbe kulikuwa na magemu."

"Kidogo."

"Giga mia na tisini ndiyo kidogo?"

Touko akacheka, akabonyeza kabla hajajionea huruma. Kompyuta ikazima, ikawaka, ikawaza wee. Hilkka akafungua C, akahesabu: ishirini na moja, na nafasi tupu mbele yake, pana. Kisha akamsogezea mwanawe kompyuta.

"Haya, weka hiyo Linux yako. Nataka kuiona inafananaje."